Kipimo cha Mimba na Chupa ya Chanjo

NENO LA JUMAMOSI
Na Hamisi Ngowa

Wanaodhani njama huaminiwa na watu wasiosoma tu wakumbuke yaliyotokea Kenya mwaka 2014. Wizara ya Afya, pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ilikuwa ikiwachanja wanawake wa miaka 14 hadi 49 dhidi ya pepopunda. Maaskofu Wakatoliki, wakishauriwa na chama cha madaktari wa kanisa lao, wakatangaza kwamba chanjo ile ina hCG, homoni ya mimba, na kwamba shabaha ilikuwa kufunga vizazi. Hawakuropoka tu. Chupa zilipelekwa maabara na majibu yakarudi yameandikwa.

Maswali yao yalikuwa mazuri. Mbona wanawake peke yao? Mbona dozi nyingi hivyo? Majibu yalikuwepo. Pepopunda humwingia mtoto mchanga kwenye kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa uchafu. Siku chache baadaye anashindwa kunyonya, taya zinakaza, mwili unakakamaa, na wengi hufa. Kinga ya siku zile za kwanza huipata kwa mama yake angali tumboni, ndiyo maana huchanjwa mama. Dozi tano ni ratiba ya kawaida kwa mwanamke ambaye hakuchanjwa utotoni.

Tena uvumi ule ulikuwa na chembe ya ukweli. Huko India, Profesa G. P. Talwar alikuwa ameunda chanjo ya kuzuia mimba kwa kuibandika homoni hiyohiyo kwenye kiini cha chanjo ya pepopunda, na Shirika la Afya Duniani lenyewe limewahi kuunga mkono utafiti wa aina hiyo. Daktari aliyeyasoma hayo alikuwa na haki ya kutia shaka.

Mambo yaliharibika kwenye mashine. Zile zilizotumika hutengenezwa kupima damu na mkojo wa binadamu. Chanjo ina chumvi ya aluminiamu na dawa ya kuihifadhi, vitu ambavyo mashine hizo hazikuundwa kukutana navyo. Ukizitilia kimiminika kingine, hazikatai wala hazilalamiki, zinakupa namba. Na namba ikishaandikwa kwenye karatasi ya maabara, nani atauliza ilipatikanaje?

Mei 2020 tuliyaona tena, safari hii ng'ambo ya mpaka. Rais John Magufuli wa Tanzania, mwenye shahada ya uzamivu ya kemia, alieleza akiwa Chato kwamba sampuli za mbuzi na papai zilipelekwa maabara kwa siri zikiwa na majina ya watu, na papai likakutwa na korona. Alitilia shaka vipimo, jambo ambalo mwanasayansi yeyote angelifanya. Ila hakutuonyesha kipimo cha pili, wala namna sampuli zilivyochukuliwa. Kule takwimu zilikuwa zimeshakoma mwishoni mwa Aprili, wagonjwa 509, vifo 21, na hazikuendelea tena hadi mwaka 2021.

Mwaka 2017 watafiti wawili wa Marekani, Kelly Garrett na Brian Weeks, walichapisha utafiti kuhusu mambo haya. Hawakuangalia watu wanajua nini, waliwauliza wanaonaje kujua kwenyewe. Je, unaamini hisia zako zinapokwambia jambo ni kweli? Je, hisia hizo lazima zikubaliane na ushahidi? Je, ukweli huamuliwa na wenye mamlaka? Waliotegemea hisia, na walioona ukweli ni mali ya wakubwa, ndio waliokuwa wepesi kuamini njama. Waliodai ushahidi hawakuwa wepesi hivyo.

Maswali mawili ya kwanza nayakubali, ingawa ningeongeza swali la nne: je, uko tayari ushahidi wako nao upimwe? Maaskofu walidai ushahidi kuliko wengi wetu. Hilo la tatu ndilo linaloniwasha. Mkenya anayesema ukweli huamuliwa na wakubwa ana ugonjwa gani? Mapema miaka ya 1990 serikali ililipa mabilioni ya shilingi kwa kampuni ya Goldenberg, kwa mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambayo hayakuwa ya kweli. Ile ilikuwa njama kamili, na waliokuwa wakiinong'ona walikuwa sahihi. Lakini minong'ono haikuwa ushahidi. David Munyakei, karani wa Benki Kuu, aliona hati zisizolingana, akazitoa zikawafikia wabunge. Alikamatwa na kufukuzwa kazi, akafariki mwaka 2006 bila kurudishiwa alichopoteza. Anayewalaumu watu kwa kutegemea hisia atazame kwanza tulivyomlipa aliyeleta karatasi.

Hata hivyo kuna shaka, na kuna shaka isiyoshibishika. Kuna mzee mmoja wa barazani kwetu ambaye hadi leo anaamini wanawake walifungwa vizazi. "Mwanangu, si unawaona wake zenu? Watoto wawili, watatu, wamesimama." Nikamwambia idadi ya watoto kwa kila mwanamke imekuwa ikishuka tangu miaka ya 1980, kutoka karibu wanane hadi 3.4 mwaka 2022, na kwamba ilianza kushuka kabla ya chanjo ile. Nikamuuliza: je, ingekuwa imepanda? Akanywa kahawa yake. "Basi dawa haikuwashika vizuri."

Hapo sina la kumjibu. Lakini wasiwasi wangu mkubwa ni kwa wale waliokuwa bado wanauliza mwaka 2014. Waziri wa Afya wa wakati huo, James Macharia, mtu wa mahesabu na benki, alisema angewashauri mkewe na bintiye wachanjwe. Nadhani alisema kwa dhati. Ila alikuwa anatuomba tumwamini yeye, kama maaskofu walivyotuomba tuwaamini wao. Maelezo kuhusu kupima chanjo kwa njia inayofaa yalitolewa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika taarifa ya Kiingereza iliyowafikia wahariri. Uvumi ulipitia mimbarini, kwa lugha anayoielewa mama aliyekaa kwenye benchi la kliniki na kadi yake mkononi.