Tuwavue Taji, Tusiwanyime Haki

Wapenzi wa muziki wa zamani hawachoki kubishana juu ya jambo moja: je, wanamuziki maarufu wa mwanzo wa roki wanastahili sifa walizobaki nazo? Imepita takriban miaka 70 tangu Elvis Presley, Chuck Berry na Little Richard watikise Marekani, na zaidi ya 60 tangu Beatles wa Liverpool watoe albamu yao ya kwanza. Bado majina hayo ndiyo yanayotajwa mwanzo kila historia ya muziki huo inaposimuliwa. Wapo wanaowatukuza kiasi kwamba kuwakosoa ni kama kukufuru. Wapo pia, hasa vijana, wanaosema kwamba Elvis na wenzake weupe walikuwa wezi waliobahatika: walizichukua kazi za weusi maskini, wakaondoka na fedha na heshima. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya ubishi huo, na ni wajibu wa mhariri kusema mapema jarida linasimama wapi.

Tunaona kwamba kambi zote mbili zinachanganya sifa mbili ambazo kila moja ilipaswa kupimwa peke yake. Ya kwanza ni sifa ya kazi: mtu aliimba vipi, alipiga vipi, alitunga nini. Ya pili ni sifa ya uanzilishi: kwamba fulani ndiye aliyeuleta muziki huu duniani na ndiye mfalme wake. Sifa ya kwanza wengi wao wanaistahili bila shaka yoyote. Ya pili hakuna anayeistahili peke yake, na kila anapopewa mmoja, wengi hudhulumiwa.

Tumchukue Elvis, kwa kuwa ndiye anayegombewa zaidi. Tarehe 5 Julai 1954, katika studio ndogo ya Sun mjini Memphis, kijana huyo wa miaka 19 alikuwa akijaribu nyimbo za taratibu na hakuna uliokubali. Walipopumzika, akaanza kuuchezea "That's All Right", wimbo ambao Arthur Crudup, mwanabluzi mweusi wa Mississippi, alikuwa ameurekodi mwaka 1946. Mpiga gitaa Scotty Moore na mpiga besi Bill Black wakamfuata. Sam Phillips, mwenye studio, akawaambia waanze upya ili arekodi. Zisikilize santuri hizo mbili kwa kufuatana. Crudup ana drams nyuma yake, na anaimba kama mtu aliyekwisha kukata shauri. Kwa Elvis drams hazipo kabisa. Mdundo wote unabebwa na besi ya Black na gitaa kavu, Moore anachomeka vionjo vya kantri, na sauti inapanda juu kwa pupa ya ujana. Wimbo ni wa Crudup, lakini uimbaji ule ni kazi mpya. Anayesema Elvis hakufanya lolote hajazisikiliza zote mbili.

Sasa tugeukie "Hound Dog", ambako mizani inaelemea upande wa pili. Willie Mae Thornton, aliyejulikana kama Big Mama, aliurekodi Los Angeles mwezi Agosti 1952. Watunzi wake, Jerry Leiber na Mike Stoller, walikuwa vijana weupe wa miaka 19. Mwaka 1953 wimbo huo ulikaa kileleni mwa chati ya muziki wa weusi kwa wiki saba. Thornton anaimba kama mwanamke anayemfukuza nyumbani mwanamume mnyonyaji. Hana haraka. Ananguruma, anavuta neno, anamwachia Pete Lewis nafasi ya kumjibu kwa gitaa, kisha anarudi kwa ukali zaidi. Elvis aliurekodi New York tarehe 2 Julai 1956, akiwa ameunasa kutoka kwa kundi la Freddie Bell alilolisikia Las Vegas, na maneno yalikuwa yamekwisha kubadilishwa. Mwanamume hayumo tena. Amebaki mbwa tu. Kuna kasi, kuna drams zinazomiminika kama risasi, kuna nguvu isiyokanushika. Hata hivyo kisa kimepotea. Kwetu sisi santuri ya Thornton ni bora, na iliyouzwa duniani kote ni ya Elvis.

Je, huo ni wizi? Wizi ulikuwapo, ila tuutafute mahali pake. Crudup hakuporwa na mwimbaji wa Memphis. Aliporwa na mikataba. Mirabaha ya nyimbo zake ilipita mikononi mwa wengine, naye akaishi kwa vibarua vya shambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalifikiwa makubaliano ya kumlipa, lakini kampuni iliyoshikilia haki za nyimbo ikakataa kutia saini dakika za mwisho. Alifariki mwaka 1974 akiwa maskini. Thornton naye alisema kwamba kwa "Hound Dog" alipata hundi moja ya dola 500. Linganisha na dola 35,000 ambazo kampuni ya RCA iliilipa Sun mwishoni mwa 1955 ili kuununua mkataba wa Elvis. Elvis mwenyewe hakuficha alikojifunzia. Mwaka 1956 alimtaja Crudup mbele ya mwandishi wa gazeti, na mwaka 1969 mjini Las Vegas, alipoitwa mfalme, alimwonyesha Fats Domino aliyekuwapo na kusema mfalme wa kweli ni yule. Hakukosea: Domino alirekodi "The Fat Man" mjini New Orleans mwezi Desemba 1949, wakati Elvis alikuwa mwanafunzi wa miaka 14. Taji alilolikataa mwenyewe, mashabiki wake wanamlazimisha kulivaa hadi leo.

Isidhaniwe kwamba suala hili ni la weupe na weusi tu. Chuck Berry ni mweusi, na wengi humwita baba wa gitaa la roki. Ufunguzi wa "Johnny B. Goode" ya 1958 unajulikana hata na wasiojua jina la wimbo. Lakini tafuta santuri ya Louis Jordan ya 1946, "Ain't That Just Like a Woman", usikilize sekunde zake za mwanzo: gitaa la Carl Hogan linapiga karibu sauti zilezile, moja baada ya nyingine. Berry alikiri hadharani deni lake kwa Hogan. Kuhusu mpiga piano wake, Johnnie Johnson, mambo hayakwenda kwa wema huo. Berry ndiye aliyejiunga na bendi ya Johnson, mjini St. Louis, mwisho wa mwaka 1952. Mwaka 2000 Johnson alikwenda mahakamani akidai kwamba nyingi ya nyimbo zile walizitunga pamoja. Mwaka 2002 kesi ilitupwa kwa sababu muda ulikuwa umepita mno, na hivyo dai lenyewe halikuamuliwa. Na Berry huyohuyo alikuwa amedhulumiwa kwanza: "Maybellene", wimbo wake wa kwanza wa mwaka 1955, ulitoka ukiwa na jina la mtangazaji wa redio Alan Freed kama mtunzi mwenza, ingawa Freed hakutunga kitu.

Pamoja na hayo yote, Berry anaistahili sifa yake ya kazi. Kabla yake hakukuwa na mtu aliyezikusanya sauti hizo, akazipa mashairi ya wanafunzi wanaosubiri kengele ya mwisho na magari yanayofukuzana barabarani, akayatamka maneno kwa ufasaha kiasi kwamba neno halipotei, kisha akaliweka gitaa mbele ya bendi nzima. Kuazima si aibu katika muziki. Aibu ni kuazima na kunyamaza.

Watetezi wa majina makubwa wana hoja moja nzito, nayo ni ya wahenga: kizuri chajiuza. Wanasema muda ndiye hakimu, na muda umekwisha kuamua. Mara nyingine ni kweli. Little Richard alirekodi "Tutti Frutti" mjini New Orleans mwezi Septemba 1955. Pat Boone, kijana mweupe mtanashati, akaurudia kwa sauti ya upole ili redio za weupe ziupokee. Boone alifika nafasi ya 12 kwenye chati kuu ya Marekani. Little Richard, mwenye wimbo, akaishia ya 17. Leo santuri ya Boone hutajwa kama mfano wa uonevu tu, na ile ya Little Richard bado inawainua watu vitini. Hapo muda umehukumu kwa haki.

Lakini muda hauhukumu peke yake. Husaidiwa na redio, magazeti, kampuni za santuri na wanaoandika historia, nao wana upendeleo wao. Ushahidi wetu ni Sister Rosetta Tharpe, mzaliwa wa Cotton Plant, Arkansas. Mwaka 1945 wimbo wake wa injili, "Strange Things Happening Every Day", ulifika nafasi ya pili kwenye chati ya muziki wa weusi, ukiwa na gitaa la umeme linalounguruma mbele ya piano na drams. Wakati huo Elvis alikuwa na miaka kumi. Mwezi Mei 1964 Tharpe alirekodiwa na televisheni katika stesheni ya reli iliyokwisha kufungwa mjini Manchester. Mkanda upo, na kila anayeupinga ukuu wake autazame. Mvua imenyesha, wasikilizaji, vijana wa Kiingereza, wamekaa upande mmoja wa reli, naye yuko upande wa pili amevaa koti zito. Anajifunga gitaa jeupe la umeme, anaimba juu ya mvua, kisha vidole vyake vinapanda shingo ya gitaa kwa wepesi ambao vijana wengi wa Uingereza wa miaka ile walikuwa bado wakiutafuta.

Tunasema mcheza kwao hutunzwa. Tharpe alicheza kwao, na alipofariki Philadelphia mwaka 1973 kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka 30 bila jiwe lenye jina. Rock and Roll Hall of Fame, taasisi ya Marekani inayowaenzi wanamuziki wa roki, ilipowaingiza wasanii wake kumi wa kwanza mwaka 1986, hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Tharpe aliingizwa mwaka 2018. Thornton, mwaka 2024.

Beatles wanatupa kipimo cha mwisho. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1963 ina nyimbo 14, na sita kati yake si zao: zimo mbili zilizoimbwa kwanza na wasichana weusi wa kundi la Shirelles, umo wa Arthur Alexander, na umo "Twist and Shout", ambao Isley Brothers walikuwa wameuvumisha mwaka mmoja kabla. Wangeishia hapo, tungewakumbuka kama vijana wenye bidii na masikio mazuri. Hawakuishia hapo. Mwaka 1967 walitoa "Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band", albamu ambayo mwalimu wao yeyote asingeitambua kuwa yake. Sifa yao haitokani na kuanzisha. Inatokana na kukua, na kukua kwao kumeandikwa kwenye santuri, mwaka baada ya mwaka.

Suala hili tunalijua pia hapa kwetu. "Malaika" iliyorekodiwa na Fadhili William imeimbwa na Miriam Makeba pamoja na Harry Belafonte mwaka 1965, kisha na Boney M. mwaka 1981. Dunia nzima inaujua wimbo, na mpaka sasa Afrika Mashariki inabishana nani aliutunga. Jina la mtunzi lisipolindwa mapema, hata umaarufu wa dunia nzima hauwezi kulirudisha.

Makala za toleo hili hazikubaliani zote na mhariri, na hilo ni jema. Tumewaomba waandishi wetu jambo moja tu: kila wanapomsifu mtu, wamtaje na aliyemfundisha, na kila wanapomlaumu, waseme wamesikiliza nini. Nawe msomaji tunakuomba vivyo hivyo. Msikilize Crudup kisha Elvis, Hogan kisha Berry, Thornton kisha wote waliomfuata, ndipo utoe hukumu. Na ninyi watangazaji wa redio, mnapoupiga wimbo tajeni mtunzi wake na aliyeurekodi kwanza, hata kama aliyeuvumisha ni mwingine. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Elvis abaki na sauti yake, Berry abaki na mashairi yake, Beatles wabaki na safari yao. Uanzilishi wagawane na wenzao, na Rosetta Tharpe awe wa kwanza kutajwa.

Mhariri