Machale Yakikucheza, Geuza Safari

Wabeba shanta wengi siku hizi wanaamini simu kuliko miili yao. Mimi sikubali. Simu itakuonyesha njia ya kuvuka Thorong La kule Nepal, mita 5,416 juu ya bahari, lakini haitajua kichwa kinakugonga na pumzi zimekata. Hapo Oktoba 2014, dhoruba ya theluji iliua watu zaidi ya 40 katika milima hiyo.

Machale si uchawi. Sisi waandishi wa programu tunayajua: ukihisi kuna kasoro, huwapi wateja kabla hujachunguza. Nami milimani yaliponicheza nilishuka, pesa za malazi zikapotea. Sijuti. Ndugu msomaji, nunua tikiti inayobadilishika, weka siku mbili za ziada, na ukisita, geuka.