Huyo Mpiga Piano Naye Ana Jina!

Wadau, leo naomba tuongelee ustaarabu wa wasomi. Kuna chuo kimoja hapa Marekani, jina nalihifadhi, idara yake ya muziki inasifika, na walimu wake hufanya maonyesho ya jioni ya bure kwa wanafunzi na wakazi wa mji. Safari hii ilikuwa zamu ya profesa wa fidla. Jukwaani vyombo viwili tu, fidla na piano. Kwenye bango, picha ni ya profesa peke yake, kidevu juu ya fidla, macho kayafumba kama anaombea mvua. Jina lake unalisoma toka ng'ambo ya barabara. Jina la mama aliyepiga piano ulitafute chini kabisa, jirani na namba ya ukumbi na maelezo ya maegesho, na pembeni yake neno moja: msindikizaji.

Msindikizaji! Kiswahili chetu tunakijua jamani. Msindikizaji ni yule anayekutoa mpaka njia panda halafu anarudi kwake. Kwenye ligi, wasindikizaji ni zile timu zinazocheza ili wengine wagombee kombe. Sasa mtu aliyefanya kazi zaidi ya saa nzima, vidole kumi mbio muda wote, anasindikiza nini?

Tuangalie kilichopigwa. Kulikuwa na kazi mbili: sonata ya Beethoven ya Opus 47, ile inayoitwa ya Kreutzer, na sonata ya César Franck ya mwaka 1886. Anayezijua hizi kazi hawezi kusema piano ipo kwa ajili ya kujazia. Ile ya Beethoven ilipochapishwa mwaka 1805, ukurasa wake wa mbele ulitaja piano kwanza, fidla ikafuata. Na huo ulikuwa mtindo wa zama zile. Mozart alipokuwa mtoto wa miaka minane, sonata zake za kwanza zilichapishwa Paris mwaka 1764 kama kazi za kinanda ambazo ukipenda unaweza kuzipiga kwa kusindikizwa na fidla. Mmeona? Aliyekuwa msindikizaji ni fidla!

Kwa Franck ndiyo usiseme. Sehemu ya pili inaanza na piano peke yake, inachemka kwenye nota za chini kama sufuria ya maharage, fidla inaingia moto umeshawaka. Muulize mpiga piano yeyote aliyewahi kuijaribu, atakuonyesha mikono. Na ile sehemu ya mwisho, tamu ambayo watu hutoka ukumbini wanaiimba mdomoni, piano ndiyo inatangulia na wimbo, halafu fidla inaurudia ule ule nyuma yake. Kwa lugha nyepesi, profesa ndiye alikuwa anamfuata mama.

Halafu kuna jambo lililoniuma zaidi. Hiyo ya Kreutzer ina historia ya jina kufutwa, na watu wa idara ya muziki wanaifahamu kuliko mimi. Kreutzer mwenyewe hakuhusika nayo kabisa mwanzoni. Beethoven aliipiga kwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 24 Mei 1803, pamoja na mpiga fidla George Bridgetower, ambaye baba yake alikuwa mtu mweusi. Kazi ilikamilika dakika za mwisho, kiasi kwamba Bridgetower ilibidi sehemu nyingine aisome kwenye maandishi ya mkono ya Beethoven hapo hapo mbele za watu. Baadaye wakagombana, inasimuliwa kwamba ni kwa ajili ya mwanamke, na Beethoven akaitoa kazi kwa jina la Rodolphe Kreutzer, ambaye inaelezwa hakuwahi hata kuipiga hadharani. Zaidi ya miaka 200 sasa, aliyetoa jasho anatafutwa kwenye vitabu na jina la asiyehusika lipo kwenye kila programu.

Na siku ile ya Vienna, kwenye piano alikaa Beethoven mwenyewe. Nani angethubutu kumwita msindikizaji?

Najua kuna wadau mtasema, "We nawe, herufi za kwenye bango zinakuuma nini?" Zinaniuma kwa sababu pale chuoni herufi ni pesa. Kwa vyuo vingi vya huku, onyesho kama lile kwa profesa linahesabiwa kama kazi ya kitaaluma. Linaingia kwenye faili lake, linamsaidia kupanda cheo. Mpiga piano mara nyingi hayupo kwenye ngazi hiyo. Ana mkataba wa mwaka mmoja mmoja, au analipwa kwa saa. Asubuhi anapiga na wanafunzi wa uimbaji, mchana na wa tarumbeta, jioni mtihani wa mtu wa selo, na katikati ya hayo atafute muda wa kumkabili Franck. Siku hizi wameanza kubadilisha jina, badala ya msindikizaji wanasema mpiga piano mshirika. Neno zuri. Lakini jina jipya na mshahara ule ule ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mwingine atasema, "Mbona mwenyewe hajalalamika?" Hivi we ungelalamika? Mkataba wako unaisha mwezi wa tano, na mmoja wa watakaoulizwa kama urudi au usirudi ni huyo huyo mwenye picha kwenye bango. Kimya cha mtu wa namna hiyo kisichukuliwe kuwa ni ridhaa.

Wa tatu atasema watu walikuja kumsikiliza profesa. Hapo nitakuwa mkweli. Kuna kazi ambazo piano kweli inakaa nyuma, zile za kuonyesha ufundi wa fidla, vidole vinaruka na piano inashikilia mapigo tu. Profesa akichagua programu ya hizo jioni nzima, bango ajaze sura yake na sitanyanyua mdomo. Lakini huwezi kuchagua sonata mbili za watu wawili, ukavuna sifa kwa uzito wa sonata hizo, halafu uwe mtu mmoja kwenye picha.

Kilichonimaliza ni mwisho. Shada la maua moja, la profesa. Yeye akasimama kushukuru, akamshukuru mkuu wa idara, wafadhili, mkewe, halafu "mpiga piano wangu". Wangu! Kama begi la fidla. Mama wa watu akatabasamu, akakusanya nota zake, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Gerald Moore, Mwingereza aliyepiga piano na waimbaji wakubwa maisha yake yote, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1962 kwa jina la kuuliza kama anapiga kwa sauti kubwa mno. Utani, lakini una uchungu ndani. Alipoaga jukwaa London mwaka 1967, walikuja kumwimbia Elisabeth Schwarzkopf, Victoria de los Angeles na Dietrich Fischer-Dieskau. Yaani nyota watatu wa dunia walikuja kumsindikiza yeye. Wakubwa wa kweli wanajua nani amewabeba.

Na sisi wala tusijione wanyonge kwenye hili. Sikiliza rekodi za dansi la nyumbani, utasikia mwimbaji anakatisha kuimba amtaje mpiga gitaa kwa jina kabla solo haijaanza. Hakuna aliyewafundisha chuoni. Ni adabu tu.

Kwa hiyo ombi langu kwa idara ile ni dogo. Kwenye sonata, majina mawili, herufi saizi moja, picha mbili. Watu wawili wainame pamoja kupokea makofi. Na kazi iandikwe kwenye mafaili ya wote wawili, kwa sababu bila hiyo ya tatu, hizo mbili za kwanza ni mapambo.

Profesa, unajijua. Fidla unapiga vizuri, hilo sibishi. Onyesho lijalo anza na bango.

Wadau, uwanja ni wenu. Mnaopiga vinanda makanisani na kwenye bendi, njooni mseme, nyie mnatajwa?