Ukipanda gari la wagonjwa na mwanao, usimharakishe dereva

Siku utakayopanda gari la wagonjwa kwa mara ya kwanza, huenda wewe hutakuwa juu ya machela. Utakuwa umekaa pembeni yake, umeshika mkoba wenye kanga na kadi ya kliniki, na aliyelala ni mwanao, dada yako au baba yako. Kwa wengi wetu hapa Tanzania safari hiyo ni ya rufaa, kutoka zahanati au kituo cha afya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Hakuna anayekueleza mapema mambo yatakavyokuwa humo ndani, na matokeo yake ndugu wengi hugombana na watu wasiostahili, kisha wananyamaza pale ambapo walipaswa kuuliza.

Ugomvi wa kwanza huanza gari likiwa bado limesimama. Dereva yupo, mlango wa nyuma umefunguliwa, lakini muuguzi bado ameinama juu ya mtoto. Ndugu wanafoka: "Mgonjwa anatufia, ninyi mnafanya nini?" Mara nyingi anachofanya ndicho kitakachomfikisha mtoto akiwa hai. Mtoto mwenye malaria kali anapaswa kupata dozi ya kwanza ya atesuneti kabla ya kuondoka. Sukari yake inaweza kuwa imeshuka, na sukari ikishuka sana ubongo hausubiri mfike mjini. Mwenye degedege anahitaji dawa ya kulikatisha. Mama mwenye kifafa cha mimba anahitaji sindano ya magnesiamu. Na kutafuta mshipa wa mtoto wa mwaka mmoja kwenye gari linaloruka matuta ni kazi ambayo hata sisi wenye uzoefu hatuitamani.

Kwa hiyo dakika kumi au kumi na tano za namna hiyo zivumilie. Ila si kila kusubiri ni tiba. Yapo magari yanayochelewa kwa sababu dereva hajulikani alipo, au tangi halina mafuta na kila mtu anamsubiri mwenzake aseme. Namna ya kutofautisha ni rahisi: uliza kwa sauti ya kawaida, "Tunasubiri nini?" Anayetibu atakujibu kwa sentensi moja bila kuinua kichwa. Ukiona watu wanatazamana, mpigie mganga mfawidhi papo hapo. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiye simwekei subira hata kidogo. Dripu na dawa ya kukaza mfuko wa uzazi vianze, gari liondoke, na muuguzi aendelee kuukanda mfuko huo njiani.

Jambo ninalolisimamia kuliko yote ni nani anayepanda. Gari lenye dereva peke yake mbele, na nyuma ndugu ameinua chupa ya dripu kwa mkono, ni usafiri tu. Mgonjwa anayepumulia oksijeni, mtoto mchanga, anayepata degedege au aliyepoteza fahamu asisafirishwe bila mhudumu wa afya kando yake. Najua zahanati nyingine usiku zina muuguzi mmoja, na akiondoka anawaacha wengine. Ni uamuzi mgumu kwelikweli. Lakini uamuzi huo ufanywe na mganga mfawidhi, hata kwa simu, akijua hali ya mgonjwa, usijifanye wenyewe kwa sababu hakuna aliyeuliza. Wewe uliza.

Uliza pia kuhusu oksijeni. Mtungi uliobakiwa na lita 300, ukitoa lita 5 kwa dakika, unaisha ndani ya saa moja. Barabara ya vumbi msimu wa masika inaweza kula saa mbili. Muuguzi mzuri ameshapiga hesabu hiyo, na hatakasirika ukimwomba akuonyeshe mshale wa mtungi.

Mkishaondoka, funga mkanda. Ndugu mmoja anatosha; wanne mkijazana humo, muuguzi hana pa kupiga goti. Utasikia kichefuchefu, hasa ukikaa ubavu, basi beba mfuko wa plastiki na usione aibu. King'ora kitakutia hofu kuliko hali yenyewe. Gari likisimama ghafla kando ya njia, usidhani mambo yameisha, kwani huenda muuguzi ameomba lisimame ili amsaidie mgonjwa kupumua vizuri. Na tafadhali, usimpigie dereva kelele akanyage mafuta. Gari likipinduka, hospitali itapokea majeruhi wanne badala ya mgonjwa mmoja.

Mikono yako ina kazi, lakini ndogo. Mtoto mwenye degedege analazwa ubavu, na kijiko hakiingii mdomoni mwake, hata bibi akisema nini. Mtoto aliyelegea asipewe maji wala uji, maana vinaweza kuingia kwenye mapafu. Mjamzito alale ubavu wa kushoto ili uzito wa mimba usibane mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Kichanga, muuguzi akikubali, kiwekwe kifuani ngozi kwa ngozi na kufunikwa vizuri, kichwa kikiwa na kofia. Baridi huua vichanga wengi kimyakimya.

Mjamzito, mama aliyejifungua karibuni na kichanga wana namba ya bure, 115, ya mfumo wa m-mama. Gari la wagonjwa lisipopatikana, mfumo huo hutumia hata madereva wa kawaida waliosajiliwa, na familia hailipi. Kwa mtoto mkubwa au baba aliyepooza ghafla usiku, chukua namba ya simu ya kituo chako cha afya leo, wakati hakuna anayeumwa, na uiandike ukutani mahali ambapo hata dada wa kazi ataiona.

Mkifika, barua ya rufaa isibaki mfukoni mwako. Mkabidhi anayempokea mgonjwa, kisha mwambie mambo matatu: tatizo lilianza saa ngapi, amepewa dawa gani njiani au kabla, na nini kimebadilika mkiwa barabarani. Muuguzi mliyekuja naye atasema hayo pia, lakini ana gari linalomngoja. Litageuka na kurudi, mara nyingi kabla hujajua wodi iko wapi. Kwa hiyo uwe na nauli, kadi ya bima kama unayo, chaja ya simu na kanga ya pili. Na ndugu mwenye afya njema anayeweza kuchangia damu aje nyuma yenu kwa basi la kwanza.