*TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: UWANJA WETU SI WA FREMU*

Ndugu wanachama,

Kuna ujumbe unazunguka ukitaka Tawi liunge mkono fremu 12 katikati ya maghorofa yetu, eti uwanja ule "hauingizi kitu". Mimi nimesomea uhasibu. Hesabu hiyo imeandika mapato tu, hasara imefichwa.

Wengi wetu tumetoka nyumba za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma. Ubaya wake tunaujua: choo kimoja, LUKU moja, ugomvi usioisha, siri ya chumbani kusikika ukumbini. Lakini baraza na uani vilitukutanisha. Ukiugua, jirani alijua kabla ya ndugu zako.

Ghorofani kila familia ina mlango wake, choo chake na LUKU yake. Hiyo ni haki, haturudi nyuma. Ila uwanja ndio uani pekee tuliobaki nao. Msiba ukitokea, turubai tutafunga wapi? Kwenye ngazi? Watoto wakacheze barabarani?

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 iko wazi: sehemu yako ni yako, eneo la pamoja ni la wamiliki wote. Hakuna wa kuligawa peke yake, hata akiwa kiongozi wa Chama.

Jumamosi saa 10 jioni tufike kikao cha wamiliki, tukatae fremu. Tudai mabenchi, taa na miti, mbali na madirisha ya wenzetu wa chini, nao wapumzike.

_Katibu wa Tawi_