SIMU, KITABU NA KADI YA CHAMA



Jioni katika matatu ya Kangemi au Kawangware kila mtu ameinamia simu yake. Sisi pia tumo. Hatusemi simu ni adui. Mwezi wa Juni 2024 vijana waliitana kwa simu, wakajaza barabara za katikati ya mji kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 watu waliuawa karibu na Bunge. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Basi nani atasema simu haina nguvu?

Lakini simu hukusanya watu upesi, na upesi vile vile hutawanyika. Nani ataketi mezani na tajiri kuzungumza habari ya mishahara? Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yasema tajiri sharti akitambue chama chenye zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaohusika. Huhesabiwa majina yaliyotiwa sahihi, si vidole vilivyobonyeza.

Watazameni ndugu zetu wasafishao mitandao. Kazi yao, hapa hapa Nairobi, ilikuwa kutazama picha za mauaji na kuziondoa ili sisi tusizione. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung, aliwashtaki Meta, wenye Facebook, mbele ya mahakama ya Nairobi. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 walikutana mjini humu wakaamua kuunda chama chao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema Meta yaweza kushtakiwa katika Kenya. Fikirini: watu wanaoijua mitandao kuliko sisi sote hawakuitegemea peke yake. Walikwenda mkutanoni.

Na vitabu je? Makhan Singh alikamatwa Mei 1950 pamoja na Fred Kubai, akawekwa kizuizini mpaka 1961. Alipotoka aliandika historia ya vyama vyetu mpaka 1952, nayo ikachapwa 1969. Wangapi kwetu wamekishika kitabu hicho? Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Ubaguzi ule umekwisha, lakini twapita mlangoni tukitazama simu.

Twakubali makosa yetu katika kamati. Tarehe ya mkutano uliopita tuliitangaza kwa simu tu. Asiye na pesa ya simu hakupata habari. Kundi lilijaa maneno makali, viti vikabaki vitupu.

Kwa hiyo twatoa shauri. Tangazo libandikwe tena ukutani. Tawi linunue Sheria ya Kazi ya 2007, na kila mkutano usomwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, mpaka kila mtu aelewe. Na wewe mwenye maneno mengi kwenye simu, njoo uyaseme ukiwa na kadi mkononi.

Umoja ni nguvu.