Mashine na Siri za Nyoyo

Kuyatibu maradhi ya nafsi kwa maneno si jambo geni katika Uislamu. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaeleza kuwa huzuni, hofu na ghadhabu zina tiba yake katika fikira njema na mawaidha. Kilicho kigeni ni njia ya leo ya kuifikisha tiba hiyo, na mgeni aliyeketi kati ya mgonjwa na mganga wake.

Katika Uingereza na Uswidi, mtu aliyeelemewa na huzuni aweza kutibiwa pasi na kutoka nyumbani kwake. Hufungua kompyuta, akasoma mafunzo aliyopangiwa, akajibu masuala juu ya usingizi wake na fikira zake, kisha akaandikiana na mganga wake kwa njia ya intaneti. Wengi wamepata nafuu kwa njia hii. Lakini maneno yaandikwayo hubaki, nayo yakibaki huweza kuhesabiwa. Mwenye kuyahesabu ndiye huyo mgeni: mashine iliyofunzwa kubashiri nani atapona na nani hatapona.

Hubashiri vipi?

Mashine hupewa habari za wagonjwa wa zamani ambao mwisho wao wajulikana. Huzichambua, ikatafuta mambo yaliyowatenga waliopona na wasiopona. Kisha huletewa mgonjwa mpya, ikaulizwa: huyu amefanana na wapi?

Huko Stockholm wataalamu walichukua habari za wagonjwa 894 wa huzuni nzito waliotibiwa kwa intaneti kati ya mwaka 2008 na 2016. Walitazama umri wao, dalili zao, urithi wa damu zao, hata muda ambao mgonjwa aliuchukua kujaza fomu zake. Matokeo yalitolewa mwaka 2022: mashine ilipatia kwa wagonjwa wapatao 66 katika kila 100.

Huko Uingereza, uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulipitia mazungumzo zaidi ya 90,000 yaliyoandikwa baina ya wagonjwa na waganga wao. Ilionekana kuwa mganga aliyeshikilia kazi ya kubadili fikira na mwenendo wa mgonjwa alikwenda pamoja na nafuu, na porojo za pembeni zilikwenda pamoja na kutopona.

Wako watakaouliza: je, huku si kupiga ramli? Mpiga ramli hudai kuijua ghaibu, nayo ni ya Mwenyezi Mungu pekee. Mashine haina dai hilo. Kazi yake yafanana na ya nahodha aonaye wingu limekaa vibaya akateremsha tanga, kwa kuwa amezoea kuona wingu la namna hiyo likija na dhoruba. Aweza kupatia, na aweza kukosea. Balaa huanza pale mabaharia wanapomwamini kana kwamba amefunuliwa. Katika wale wagonjwa 100 wa Stockholm, wapatao 34 walibashiriwa sivyo, na kila mmoja wao ni mwana wa watu.

Ubashiri wa kufanyia nini?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Waswidi hao hao, mwaka 2019, walitoa habari za wagonjwa 251 wa kukosa usingizi. Tiba ikiwa ingali njiani, hesabu ilionyesha kuwa 102 kati yao walikuwa katika hatari ya kutoka patupu. Kwa kura, baadhi ya hao 102 waliongezewa uangalizi na tiba yao ikarekebishwa. Waliobaki waliendelea kama kawaida. Waliorekebishiwa walipata nafuu zaidi. Ubashiri wa namna hii ni rehema, maana humwonyesha mganga nani anazama kabla hajazama.

Lakini hesabu ile ile yaweza kushikwa na mkono mwingine. Mwenye bima au mwenye zahanati iliyopungukiwa na waganga aweza kusema: huyu mashine imesema haponi, kwa nini tumpotezee fedha? Hapo mgonjwa mzito zaidi ndiye atakayefungiwa mlango wa kwanza, na kosa litapewa mashine isiyoweza kusimama mbele ya kadhi.

Jambo la pili ni amana. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mgonjwa wa nafsi hapati tiba mpaka afunue yaliyomo moyoni. Basi aliyefunuliwa amekabidhiwa amana. Mwaka 2020 huko Finland ilijulikana kuwa wezi wa mtandao walikuwa wameiba kumbukumbu za wagonjwa wapatao 33,000 wa kituo cha Vastaamo. Wezi hao waliwaandikia wagonjwa wenyewe, wakawatisha kwamba wasipotoa fedha siri zao zitatangazwa. Fedha ikiibwa hulipwa; siri ikitoka hairudi.

Na sisi huku Pwani?

Waganga wa nafsi ni wachache kwetu, kwa hivyo tiba ya simu ina mvuto, na mashine zitakuja nayo. Lakini iliyofunzwa kwa maneno ya Waswidi na Waingereza itamwelewa vipi mama wa Lamu asemaye moyo umemsonga, au roho haimtulii? Itamweka fungu gani kijana aliyekunywa kombe na kusomewa kabla hajamwona daktari? Na kwenye nyumba ambamo simu ni moja na watumiaji ni watano, siri itaandikwa wapi?

Sheria haikulala. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 35, yampa Mkenya haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Na Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, ni kinyume cha Katiba. Bila ya uamuzi huo, nani angethubutu kuiandikia kompyuta kwamba amechoka na maisha, ilhali maandishi yake yangeweza kuwa ushahidi wa kumfunga?

Basi wasomaji wapenzi, mkiletewa tiba hii msiikimbie, wala msiipokee mkiwa mmefumba macho. Ulizeni mambo matatu: maneno yangu yatawekwa wapi, nani atayasoma, na mashine ikisema sitapona, nitaongezewa mkono au nitaachiliwa? Asiyeweza kulijibu hilo la tatu hajawa mganga, hata akiwa na mashine za dunia nzima. Shifaa yatoka kwa Mwenyezi Mungu, na mja ameamrishwa kutafuta sababu.